Mwalimu Aliyechunga Sumaku

Mwalimu hakuwahi kuvaa mkanda. Suruali yake aliifunga kwa utepe wa kitambaa, na mashati yake yote yalikuwa na vifungo vya plastiki. Saa hakuwa nayo. Miwani yake ilishikizwa kwa uzi upande mmoja, maana ile skrubu ndogo ya kwenye kiungo aliing'oa mwenyewe akaitupa. Baiskeli aliiacha mbali na mahali pa kazi, akaja kwa miguu. Watu wa kwetu Itetemia walisema ana masharti ya mganga. Wengine walisema amekula kiapo. Mimi niliyekaa naye miaka kumi na moja nawaambia: alikuwa anakimbia chuma kwa sababu alitaka kukisikia chuma.

Najua hiyo imekaa kama kitendawili. Nivumilieni, nitaifungua. Shule niliacha darasa la nne, lakini kuanzia Sikonge mpaka Ulyankulu, ukinywa maji matamu ya kisima kirefu, kuna uwezekano mkubwa kisima hicho nilikitoboa mimi. Nina mitambo miwili ya kuchimba, nina malori, nina nyumba ambayo watu wakielekezana njia huitaja. Vyote nimevipata kwa mikono hii, sikurithi hata jembe. Wenye digrii wameniajiri, na wenye digrii nimewaajiri. Kwa hiyo nikisema kwamba nimekutana na mtu mmoja tu aliyeijua ardhi kunishinda, mjue sisemi kwa kukosa la kusema.

Jina lake sitaliandika. Mji mzima ulimwita Mwalimu, naye alifundisha fizikia sekondari hapa Tabora mpaka akastaafu. Kabla ya hapo aliishi ng'ambo miaka mingi, katika maabara iliyokuwa inatafuta namna ya kuyaona mafuta na gesi yakiwa bado chini ya ardhi. Maabara ile ikageukia kazi nyingine, naye akarudi nyumbani na kazi yake kichwani. Alitaka jambo moja kabla hajafa: azitie chembe zake za chuma ardhini, hapa kwetu, kisha azisikie zikiitika akiwa juu. Mara moja tu. Shimo la kufanyia jambo hilo nilimchimbia mimi.

Mara ya kwanza kunieleza kazi yake tulikuwa mgahawani karibu na stesheni, tunakunywa chai. Nilimwuliza, kwa ujuaji wangu, hayo mafuta ya chini yamekaa kama ziwa au kama mto. Akachukua andazi.

"Mafuta yako wapi hapa?"

"Humo ndani."

"Nionyeshe."

Nikaligeuza andazi, sikuona kitu. Akalikamua juu ya gazeti, likaacha duara la mafuta. "Basi na yale yako hivi," akasema. "Hakuna ziwa wala mto. Yamo ndani ya jiwe kama haya yalivyomo kwenye andazi. Wachimbaji wakivuta, yanatoka kiasi, mengine yanagoma. Wanaingiza maji chini yayasukume. Sasa maji yamefika wapi, na mafuta yamebaki wapi? Hapo wote ni vipofu."

"Na wewe macho umeyapata wapi?"

Akatoa mfukoni chupa ya dawa ya kikohozi. Ndani yake mlikuwa na maji meusi tii, kama wino. Sumaku ilikuwa kwenye mfuko mwingine, imeviringishwa kwa kanga kuukuu ya mkewe. Alipoisogeza kwenye chupa, yale maji yakainuka yakasimama miiba, kama nungunungu aliyetishwa. Mama mwenye mgahawa akarudi nyuma.

"Mwalimu, hayo mambo kayafanyie kwako. Mimi nina wateja."

"Ni chuma, mama. Ni kutu tu iliyosomeshwa."

"Hata kutu imenizidi elimu," nikasema mimi, na watu wakacheka.

Chembe zile, alinieleza, ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ukilazwa kando yake ni gogo. Kila moja ameivisha koti la kitu kama sabuni, zisishikane zenyewe kwa zenyewe wala zisinase kwenye jiwe. Alikuwa na msemo wake hapo: chuma uchi hushika kila kipitacho, chuma kilichovaa hujua kupita. Ukizitia kwenye maji yanayosukumwa chini, zinasafiri na maji mpaka yanapokutana na mafuta. Juu ya ardhi unatandaza pete kubwa ya waya wa shaba na kupitisha umeme. Sumaku ya ile pete inaziita kule chini, nazo zinaitika. Kila zinapoitikia, unajua maji yamefika hapo. Unachora ramani ya usichokiona.

"Lakini sauti yake, mtani, ni ya mgonjwa anayenong'ona. Ukija na chuma cha mkanda kiunoni, ni kama umeleta tarumbeta wodini."

Ndiyo maana ya ule utepe wa kitambaa.

Amesema mtani, na hapo lazima niweke kituo. Ukoo wake sitauingia. Inatosha kujua kwamba yeye alikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na utani wa watu hawa wawili uliletwa na mizigo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka hapa mpaka pwani, miezi njiani, na huko mwisho wa safari waliwakuta babu zake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuwahi kuongea kama watu wazima. Mimi nilimwambia Mzaramo hana kazi ila ngoma. Yeye aliniambia babu zangu walitembea nchi nzima na mali ya watu kichwani, wakarudi na shanga. Miaka yote aliyokaa Tabora alijifunza neno moja la Kinyamwezi, *mwangaluka*, ambalo ni salamu ya asubuhi, na alinisalimia nalo jioni, makusudi, ili nikasirike.

Utani kwetu una sheria yake: neno la mtani haliwekwi moyoni. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, ukacheka. Mama yangu alipofariki, watu wamejaa makaburini, Mwalimu alikuja na utepe wa kupimia, akakaa ukingoni mwa kaburi na kukataa mama asishushwe. "Nani kachimba hapa? Si mwanawe huyu anayejidai fundi wa mashimo? Mita hazijatimia. Mimi simruhusu shangazi yangu aingie kwenye kazi mbovu." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, machozi yananitoka, na ndiyo pumzi ya kwanza niliyovuta tangu alfajiri. Nikampa jogoo, akapisha njia. Hiyo ni dawa ambayo hospitali hawana. Sikujua kwamba dawa hiyo hiyo ina upande mwingine.

Nyumbani kwake jiko lilikuwa nje, na nusu ya jiko ilikuwa maabara. Alikusanya misumari yenye kutu, akaiyeyusha kwa asidi, kisha akamwagia amonia tone kwa tone, mpaka kitu cheusi kikatulia chini ya sufuria. Harufu yake ilikuwa inamtoa paka ndani. Mkewe, ambaye nilimwita shemeji, muuguzi mstaafu mwenye maneno machache, alikuwa anakaa uani na kanga puani.

"Wenzangu waume zao wanapika gongo," aliniambia siku moja. "Wangu anapika kutu. Gongo angalau ina wageni."

Mwalimu alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliweza kukuambia kilichoko mita arobaini chini ya miguu yako, lakini miwani yake mwenyewe aliitafuta nyumba nzima ikiwa kichwani. Aliwachukia waganga, wale wa kupiga ramli kutafuta maji, kwa chuki ambayo hata sheikh hakuwa nayo. Lakini asubuhi kabla ya kuanza kazi alipiga udongo makofi mawili kwa kiganja, na hakuwahi kunieleza kwa nini. Darasani alikuwa mkali wa ajabu. Mwanafunzi akipata jibu sahihi bila kuonyesha njia, alimpa sifuri na kumwandikia kwa wino mwekundu: *Umebahatisha*. Wazazi walikwenda kulalamika. Akawajibu kwamba jibu sahihi lisilo na njia ni wizi, tofauti ni kwamba mwizi huyu hajakamatwa.

Kwangu mimi alikuwa na msemo mmoja, alioupiga kama nyundo: "Pima kabla hujasifu."

Ulyankulu niliwahi kutoboa mashimo mawili makavu mfululizo. Wanakijiji wale, watu wa subira, watoto wa wakimbizi waliolifyeka pori lile kwa mikono, walianza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mwalimu akaja na ile pete yake, akaitandaza, akatembea nayo mchana kutwa bila kula. Akaniambia nisogee hatua arobaini kuelekea kwenye kichuguu. Nikamwambia mimi natoboa kwa uzoefu, sitobolewi kichwa na waya. Akasema, "Basi toboa uzoefu wako, tuone kama unanyweka." Nikasogea. Maji yakaruka juu kuliko mnara wa mtambo. Kijiji kilinibeba juu juu, na mimi, Mungu anisamehe, sikumtaja. Yeye alikuwa kando, anakunja waya wake, anacheka.

Namkumbuka hivyo, na nikimkumbuka hivyo siwezi kuacha kuieleza Alhamisi ile.

Wakati huo watafiti wa mafuta walikuwa wanapita bonde la Wembere, na mjini kila mtu amekuwa mtaalamu wa mafuta, hata kinyozi. Mwalimu akaandika barua, akapiga simu, akaandika tena. Hatimaye mhandisi mmoja, mwanamama wa Dar es Salaam mwenye sauti ya upole, akakubali kusimama Tabora siku moja na mwenzake mpimaji, wakitoka Wembere. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka. Mwalimu atie chembe zake kwenye kisima cha maji cha mita sitini. Zikisikika, watamchukua akajaribu kwenye visima vyao vya utafiti. Zisiposikika, basi. Chuo kimoja kikamwazima kisikilizi, lile sanduku la kusomea sauti, kwa wiki moja tu, kwa maana cha kwake alikuwa amekiunga mwenyewe na masikio yake hayakufika mbali.

Kiwanja nilitoa mimi, hapa Itetemia, pembeni ya ile njia ya zamani ya misafara. Mtambo wangu, mafundi wangu, dizeli yangu. Akaniambia sharti lake moja.

"Ndani ya shimo hili nisikute chuma. Hata msumari. Ukimaliza, chomoa vyuma vyako vyote, ushushe bomba la plastiki peke yake. Siku ya kazi ni Alhamisi."

Mhandisi alikuwa kwenye simu, anatusikia. Nikapaza sauti na yeye anisikie: "Alhamisi asubuhi mtalikuta limekaa kama bibi harusi. Mimi sijawahi kuchelewesha shimo tangu nizaliwe."

Jumatatu tulipofika mita ishirini tukakuta mchanga mlegevu, unaporomoka kila tukitoboa. Hilo si ajabu. Fundi anashusha kesingi ya chuma, yaani bomba nene la kuzuia udongo, anaendelea kutoboa kupitia ndani yake, kisha anaweka plastiki na kulichomoa lile la chuma. Nilishusha mita ishirini na nne. Jumatano mchana tukaanza kulichomoa. Halikuja. Mchanga ulikuwa umelibana. Mtambo ukanguruma mpaka ardhi ikatetemeka, waya ukalia, bomba likakaa.

Msimamizi wangu, mtu mzima kama mimi, akafuta jasho. "Bosi, tumwambie Mwalimu. Wageni wasogeze siku, tutoboe jingine."

Nikaangalia lile bomba. Nimwambie nani? Mimi, nimpigie simu mhandisi wa Dar es Salaam nimwambie nimeshindwa kuchomoa bomba nililoliweka mwenyewe? Nikamwambia alikate hatua moja chini ya usawa wa ardhi. Tukafukia, tukamwaga zege juu. Likabaki bomba la plastiki la bluu limesimama peke yake, safi, kama bibi harusi. Nikajiambia kwamba maji yanapita ndani ya plastiki, hayagusi chuma. Chuma kimesimama nje kina kosa gani? Darasa la nne halikufika huko. Lakini habari ya tarumbeta wodini nilikuwa nimeshaisikia, tena mara nyingi. Sikuuliza kwa sababu nilijua jibu.

Alhamisi alikuja na shati jipya. Shemeji alikuwa ameng'oa vifungo vyake vya chuma akashona vya plastiki. Akapiga ardhi makofi mawili. Akatandaza pete, akawasha sanduku ili asikie kwanza ukimya wa mahali kabla ya kutia chochote. Namba zikapanda. Akazima, akawasha, zikapanda vile vile. Akainua kichwa na kunitazama mimi.

"Mtani. Humu kuna chuma?"

Kila mtu aligeuka. Mhandisi, mwenzake, mafundi wangu wanne ambao walijua na wakaangalia viatu vyao. Lilikuwa swali la ndiyo au hapana.

"Chuma pekee kilichopo hapa ni mimi, Mzaramo wewe," nikasema.

Watu wakacheka. Mhandisi akacheka. Mwalimu mwenyewe akacheka, akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari. "Basi ni mavi ya chuma," akawaeleza wageni. Mnajua, yale makaa mazito ambayo wahunzi wetu wa zamani waliyaacha walipofua majembe. Pembeni ya njia ya misafara ukilima unayaokota. Hakuwaza kwamba nimedanganya. Nilikuwa nimemjibu kama mtani, na mtani hahojiwi.

Akatia chembe. Pampu ikasukuma. Tukangoja. Namba zilikuwa zimesimama pale pale juu, zinapiga kelele ya chuma changu, na mnong'ono wake kama ulikuwepo, ulikuwa chini ya kelele hiyo. Akahamisha pete mara saba. Ilipofika saa kumi jioni mhandisi akamwambia taratibu, "Mwalimu, pengine ni ardhi tu yenye kelele. Tunaweza kuandika hivyo."

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango. Mtu yeyote angepita.

"Hapana," akasema. "Msiandike nisichokijua. Andikeni: alipima, hakusikia."

Wakaandika hivyo, wakaondoka. Sanduku likarudi chuoni. Mimi niliwaambia watu kwamba shimo lilikuwa zuri, lawama haiko kwa mchimbaji. Nililisema hilo zaidi ya mara moja.

Kilichofuata ndicho mji unachokikumbuka. Mwalimu alifunga ile sumaku yake ya mfukoni kwa kamba ya katani akaanza kuiburuta kwenye kile kiwanja, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima. Kila ilipogota kipande cha mavi ya chuma, aliinama, akakiweka kwenye gunia. Alikuwa anaisafisha ardhi. Aliamini kwamba akiondoa uchafu wote wa wahunzi, siku atakayopata sanduku tena patakuwa kimya. Ilikuwa kiangazi, vumbi hadi magotini. Watu wakasema Mwalimu anachunga sumaku. Mimi nilikuwa napita na gari, napiga honi.

"Unachunga, Mzaramo?"

"Nachunga. Njoo na wewe nikufunge kamba."

Nikacheka, nikakanyaga mafuta. Chini ya nyayo zake mita ishirini na nne zimesimama wima, na yeye anaokota vijipande vya kujaza kiganja. Alifanya hivyo kiangazi kizima na kingine. Kichuguu cha mavi ya chuma bado kiko pale pembeni, kimeota majani.

Halafu akaacha. Hakutangaza. Shemeji aliniambia alichukua zile chupa zote za jikoni akazimwaga chooni, moja moja, akiziosha baada ya kuzimwaga ili awape majirani wawekee mafuta ya taa. Akaanza kuvaa mkanda. Siku nilipomwona na mkanda wenye chuma kinachong'aa tumboni, nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikasema, "Leo Mzaramo umependeza, unaoa?"

Mwaka huu, mvua zimechelewa, shemeji akanipigia. Figo zimechoka, yuko hospitali ya Kitete, anakuulizia. Nikaenda mchana, saa ya kuona wagonjwa.

Alikuwa amepungua mpaka mashavu yameingia ndani. Nikasimama miguuni pake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Leo una adabu. Nani kafa?"

Shemeji akanisogezea kiti. Nikakaa, nikaangalia kile kitanda cha chuma, na yeye akaona ninachokiangalia. "Ndiyo," akasema, "mwisho wamenilaza juu yake." Nikaona nisipoanza sitaanza.

"Mwalimu, kwenye kile kisima niliacha chuma."

"Kisima gani?"

"Cha Alhamisi. Kesingi, mita ishirini na nne. Ilikwama. Nikaikata, nikaifukia, nikamwaga zege. Zile kelele ulizozisikia zilikuwa zangu. Chembe zako hazikuwa na kosa."

Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, nilikuwa nalihitaji. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Si utani, Mwalimu."

"Utani wote huanza hivyo."

"Wallahi nakuambia."

"Ngoja," akasema, anatafuta pumzi. "Wewe ukichimba choo, mji mzima unakijua kwa mita na sentimita. Leo uzike mita ishirini na nne za chuma, ukae miaka mitatu hujazisifia? Wewe?" Akacheka tena, kikohozi kikamkatiza, shemeji akamwinua na kumpangusa mdomo.

"Wapo mafundi wanne walioona. Nitawaleta."

"Mafundi wako. Watasema hata kwamba jua ulilichimba wewe." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa chepesi kama ganda. "Nimekuelewa, mtani. Umekuja kunipoza. Lakini nilipima, sikusikia. Hilo lako ni jibu zuri halina njia. Nikikusahihisha nakuandikia nyekundu. Umebahatisha."

Nikamgeukia shemeji, nimwombe yeye aniamini, na amwambie. Macho yake yalikuwa yamelowa, anatabasamu.

"Asante, shemeji," akasema. "Hajacheka tangu Jumatatu."

Kesho yake mtambo wangu ulikuwa Itetemia, unalivuta lile bomba, nimpelekee kipande akione kwa macho. Halikuja Ijumaa, halikuja Jumamosi. Jumapili hapakuwa tena na wa kumwonyesha, nikawaambia mafundi wazime. Lakini nilikuwa naeleza siku ile ya wodini.

Nilipoinuka kuondoka, aliingiza mkono chini ya mto akatoa kitu kilichoviringishwa kwa kanga kuukuu. "Chukua. Sasa ni zamu yako kuchunga." Nikaitia mfuko wa koti, nikamwambia Mzaramo hajui kutoa zawadi, anatoa mizigo. Akasema, "Beba. Ni kazi ya kwenu." Akafumba macho.

Wodi ile ni ndefu na vitanda vimesogeleana, ukipita katikati unapita kiubavu. Hatua ya tatu, mfuko wangu ukavutwa, ukagonga chuma cha kitanda cha mtu, pa! Sumaku ilikuwa imeshika kupitia kanga na koti. Nikavuta, ikagoma. Nikashika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine, natoka jasho, mtu mzima na koti langu. Aliyelala pale, mzee mmoja nisiyemjua, akainua kichwa.

"Kuna nini humo mfukoni, bwana, kinachokushika hivyo?"

"Chuma," nikamwambia.

Akaniamini.